Feni Tatu na Ndagala Asiye na Kichwa

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, Bibi Aziza alifungua mlango nusu, akatoa kichwa nje, akasikiliza milima. Hakuwa anasikiliza jogoo wala mwadhini. Alisikiliza kama kuna mlio wa bunduki huko juu, upande wa Kizuka. Milima ikinyamaza, aliwasha moto. Milima ikisema, alichukua kifurushi kilichokaa tayari nyuma ya mlango, akamwamsha mjukuu wake, wakakimbilia ziwani pamoja na mtaa mzima. Ndivyo siku zilivyoanza Rumonge, mji wa ziwani kusini mwa Bujumbura, katika mwaka wa tisa wa vita. Mtu akikuuliza umeamkaje, ulimjibu, "Amahoro, ni amani, tumewasha moto," naye alielewa.

"Mke mwenzangu, amka," Bibi alisema asubuhi hiyo ya Jumatano. "Milima imelala."

"Basi na mimi niache nilale kama milima," Nafisa alijibu kutoka chini ya shuka.

"Milima haiendi shule."

Nafisa alikuwa na miaka kumi na mitatu, na ulimi wake ulionekana kuwa na miaka mingi zaidi. Alisoma mwaka wa sita. Benchi lililokuwa la watoto watatu sasa alilikalia peke yake, naye aliwaambia wenzake kwamba amepandishwa cheo, amekuwa waziri. Darasa lilicheka. Hakuna aliyewataja wale wawili waliokuwa wakikaa naye.

Wazazi wake walikufa katika mwaka wa pili wa vita. Kaka yake Heri, wa miaka kumi na sita, alikwenda Kizuka kukamua mawese siku moja, risasi zikaanza, watu wakatawanyika kila upande. Wengine walirudi jioni, wengine baada ya wiki. Heri hakurudi. Sasa ilikuwa miezi kumi na minne.

Kwa hiyo kila Jumatano, shule ikiisha, Nafisa alipitia kwenye kibanda cha mjomba wake Jamali, wakaenda pamoja kwenye ofisi ya Madamu Généreuse. Madamu alikuwa mwalimu kabla ya shule yake kuchomwa. Sasa aliongoza chama kidogo cha kuwatafuta waliopotea. Ofisi ilikuwa chumba kimoja chenye jenereta nyuma, kompyuta moja mezani, na foni, ile redio ya kuzungumzia ambayo sauti yake huvuka mipaka. Jumatano saa tisa, makarani wa kambi tatu za wakimbizi ng'ambo, Tanzania, walisoma majina ya watu waliokuwa wakitafuta jamaa zao. Madamu aliyapiga kwenye kompyuta moja kwa moja, kwa vidole kumi, maana karani hakumsubiri mtu. Madaftari ya zamani yaliungua pamoja na ofisi ya kwanza. Mashine ilikuwa na majina elfu nne. Mama akija kutoka Minago akauliza, Madamu aliandika herufi chache, na jibu likatokea kabla mama hajamaliza kujifuta jasho.

Mashine yenyewe ilivaa nguo. Bibi Aziza aliifumia kitambaa cheupe chenye maua mekundu pembeni, akakitia wanga wa muhogo kikasimama vizuri, kama watu wa mtaa wake wanavyovika redio zao. "Kitu kinachobeba majina ya watu hakikai uchi," alisema.

Tatizo lilikuwa feni. Ndani ya kompyuta mna feni ndogo inayoipoza mashine isichemke, na feni ya mashine hii ilikuwa imezeeka vibaya. Ililia kama paka aliyekanyagwa mkia. Sauti za kambini zilikuja nyembamba, zimechoka na safari, na paka yule alizila. Mahali jina lilipomezwa, Madamu aliandika alama ya kuuliza. Jumatano hiyo alama zilifika kumi na saba.

"Madamu, mwambie arudie!" Nafisa alisema.

"Ameshapita, binti yangu. Nikimkatiza tunapoteza mengine matano."

Nafisa aliangalia zile alama kwenye kioo. Zilionekana kama vikulabu vya kuvulia samaki. Moyoni mwake alikuwa na hakika kabisa: Heri yumo ndani ya kimojawapo.

Ijumaa feni ile ilikata roho. Bahati, mfanyabiashara mmoja alikuwa ameleta kutoka Bujumbura katoni ya kompyuta zilizokufa, na Mjomba Jamali akatoa humo feni tatu nzima. Jumatatu alimwita Nafisa kibandani.

Lazima uelewe jambo moja kuhusu Mjomba Jamali. Alikuwa fundi redio asiyesikia. Mwaka uliopita bomu lilianguka karibu na soko, na tangu siku hiyo sikio la kushoto lilikuwa limekufa, la kulia lilisikia kama mtu aliyefunikwa godoro. Aliongea kwa sauti kubwa mno na kusoma midomo ya watu. Mwanzoni mtaa ulicheka: fundi redio kiziwi! Halafu wakaleta redio zao, kwa sababu mikono yake haikuwa na ugonjwa wowote. Yeye aliunga waya, Nafisa akamwambia kama redio imesema. Walikuwa fundi mmoja mwenye miguu minne.

"Feni hizi tatu," Mjomba alipaza sauti hadi muuza sabuni wa jirani akageuka, "zipime wewe. Mimi kelele sizisikii. Nataka mambo mawili. La kwanza kelele: iwashe kwenye betri ya gari, urudi nyuma hatua kwa hatua hadi usiisikie tena. Hesabu hatua. La pili upepo. Chukua ndagala mmoja kwenye sahani ile ya dagaa, umtundike kwa uzi mbele ya feni, umsogeze mbali shubiri moja moja, hadi aache kutikisika. Hesabu shubiri."

"Kwa nini ndagala, Mjomba? Karatasi si ipo?"

"Karatasi inatikiswa hata na maneno yako. Ndagala mkavu hatikisiki kwa utani. Nilipima feni ya kompyuta nzima ya parokia: ndagala alitikisika hadi shubiri nne. Pungufu ya nne, mashine itachemka. Umenisikia?"

"Nimekusikia. Na mtaa mzima umekusikia."

Benita alikuja kumsaidia. Benita alikuwa mtoto wa mchungaji kutoka Uvira, ng'ambo ya ziwa, na walikuwa darasa moja. Baba yake alimleta Rumonge kwa mtumbwi. Mama yake, Rachelle, alichukua njia nyingine na wadogo zake wawili, na njia ile haijawaleta mpaka leo. Kwa hiyo Jumatano ilikuwa siku yake pia.

Feni ya kwanza ilikuwa kubwa, pana kama sahani ya wali. Walipoiwasha, kuku wa muuza sabuni walikimbia. Wakaiita Lori. Ya pili ilipiga kelele nyingi ilipoanza, kisha ikatulia. Wakaiita Shemeji. "Kama shemeji yangu," Benita alisema kwa Kiswahili chao cha Uvira. "Mulangoni makelele, akishaona ugali anyamaza." Ya tatu ilizunguka bila neno, taratibu, kama aibu ilikuwa imeishika. Hiyo ikawa Bibi Harusi.

Walipima kelele kwanza. Lori alisikika hadi hatua ishirini na mbili. Shemeji kumi na moja. Bibi Harusi nne tu, na hiyo ya nne Benita aliibishia.

Kisha upepo. Walimtundika ndagala. Lori alimtikisa hadi shubiri saba. Shemeji akafika tatu. Bibi Harusi alipowashwa, ndagala alicheza kwenye shubiri ya kwanza, akacheza kidogo kwenye ya pili, na ilipofika mbili na nusu akasimama wima kama askari kwenye gwaride.

"Mbili na nusu," Benita alisema. "Huyu hawezi. Niende kuteka maji, baba ataniuliza."

Akaenda. Nafisa akabaki na Bibi Harusi, na daftari, na sahani ya ndagala.

Shemeji hakufika nne. Lori alifika, lakini Lori angezimeza kambi zote tatu na makarani wao. Ni Bibi Harusi peke yake aliyejua kunyamaza. Nafisa aliichokora ile sahani. Chini kabisa alikuwepo ndagala mdogo, mkavu kama jani, asiye na kichwa. Labda paka alikionja. Alimfunga kwenye uzi, akamweka kwenye shubiri nne. Bibi Harusi alipuliza. Ndagala asiye na kichwa akatikisika.

Ndagala ni ndagala, Nafisa alijiambia. Akaandika: Bibi Harusi, hatua nne, shubiri nne.

Mjomba alisoma daftari, akatabasamu, jambo lililokuwa adimu siku hizo. "Nne na nne! Kelele kidogo na upepo wa kutosha. Masikio yako ni mali, Nafisa." Wala hakupima tena. Kwa nini apime? Alikuwa na daftari.

Jumatano iliyofuata chumba kilijaa. Watu kama thelathini walikaa kwenye mikeka na dirishani, Bibi Aziza akiwa mbele karibu na kitambaa chake. Bibi Harusi alizunguka kimya ndani ya mashine.

"Murakoze, asante sana, Jamali," Madamu Généreuse alisema. "Leo nasikia hata karani akimeza mate."

Majina yalianza kuja. Yalikuja safi, kila moja na kijiji chake, na vidole vya Madamu viliyafuata bila alama ya kuuliza hata moja. Nafisa alishika pumzi. Kambi ya kwanza ilipita. Ya pili ikaanza. Joto la chumbani lilipanda, watu wakajipepea kwa vitenge. Mtu mmoja alilia kwa furaha karibu na dirisha, wenzake wakamziba mdomo ili wasikie.

Ndipo kioo cha kompyuta kikawa cheusi.

Hakikupiga kelele. Kilizimika tu, na vidole vya Madamu vikabaki hewani. Jenereta ilikuwa inafanya kazi, taa ilikuwa inawaka, na kwenye foni karani aliendelea kusoma. "Karatasi!" Madamu alisema. "Kalamu! Mtu anipe kalamu!" Kalamu ilipopatikana haikuwa na wino. Ya pili ilipopatikana, karani alikuwa anasema, "Hayo ndiyo ya leo, mbaki salama," na foni ikabaki na mlio wake mtupu.

"Rachelle!" Benita alikuwa amesimama katikati ya watu. "Alisema Rachelle wa Uvira! Na watoto wawili! Mulisikia? Ilikuwa kambi gani? Weye baba, ilikuwa kambi gani?"

"Ya pili," mmoja alisema.

"Hapana, ilikuwa ya tatu, walishabadilisha karani."

"Mimi sikusikia Rachelle."

Madamu alikuwa akihifadhi majina kwenye disketi mwishoni, kwa sababu kuhifadhi kulichukua muda. Majina ya siku ile, arobaini na kitu, hayakuwa kwenye disketi. Hayakuwa popote.

Mjomba Jamali aliigusa mashine, akautoa mkono haraka kama aliyegusa kikaango. Aliifungua. Bibi Harusi alikuwa mzima, hana kosa. "Sielewi," alisema kwa sauti yake kubwa. "Shubiri nne. Imeandikwa."

Macho ya watu yalitafuta mahali pa kutua, yakatua kwenye kitambaa cheupe chenye maua mekundu.

"Bibi Aziza," Madamu alisema polepole, "silaumu mtu. Lakini labda mashine ilikosa hewa. Labda ni kitambaa."

Bibi Aziza hakujitetea. Aliinuka, akakichukua kitambaa chake, akakikunja mara nne, akatoka nacho kifuani. Watu walimpisha njia. Nafisa naye akampisha.

Kesho yake alipotoka shule alimkuta Bibi uani, amekaa juu ya mkeka. Alikuwa anakifumua kitambaa. Uzi ulitoka ukiwa na mikunjo, akauzungusha kwenye kiganja, mzunguko baada ya mzunguko.

"Bibi, unafanya nini?"

"Nimewaziba pumzi, mjukuu wangu. Watu zaidi ya arobaini. Nilitaka wapendeze, nikawaziba pumzi." Hakumwita mke mwenza. "Labda na kaka yako alikuwemo."

Nafisa alitafuta mzaha. Siku zote ulikuwepo mmoja, hata siku ya mabomu. Siku hiyo haukuwepo. Aligeuka akakimbia hadi kibandani.

Sasa, kwa watu wengine unaweza kukiri kosa ukiwa umeinama, ukiongea na vidole vya miguu yako. Kwa Mjomba Jamali huwezi. Usipomwonyesha uso, hujasema kitu.

"Mjomba, nilidanganya," Nafisa aliiambia ardhi.

"Eeh? Inua kichwa. Sikuoni."

"Nilidanganya feni."

"Bado umeinama."

Aliinua uso, machozi yakawa yanashuka hadi shingoni, akasema taratibu ili midomo yake isomeke: "Bibi Harusi hakufika nne. Alifika mbili na nusu. Nilimbadilisha ndagala. Nilimweka asiye na kichwa. Nilitaka kimya nimsikie Heri. Kitambaa cha Bibi hakina kosa."

Mjomba hakupiga kelele; pengine ilikuwa mara ya kwanza tangu lile bomu kuongea kwa sauti ndogo, na kwa sababu hakujisikia, ilitoka nyembamba kuliko alivyokusudia.

"Mimi nina macho na mikono," alisema. "Masikio nilikupa wewe uyashike."

Aliweka chini kifaa chake cha kulehemu. "Nenda kwa bibi yako kwanza. Kisha kwa Madamu, kisha kwa Benita. Feni zitasubiri hadi kesho."

Bibi alisikiliza habari yote bila kuacha kuzungusha uzi. Mkononi mwake hapakuwa tena na kitambaa. Palikuwa na donge kubwa jeupe na donge dogo jekundu.

"Ungeniambia kabla sijafika kwenye maua," alisema. Basi. Jioni hiyo alimpa chakula kama kawaida, na jambo hilo lilimuumiza Nafisa kuliko fimbo.

Madamu Généreuse alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akasema, "Utakwenda kwa kila mtu aliyekuwa chumbani, umuulize majina aliyoyasikia. Na ukifika kwa kila mmoja utamwambia kwa nini unauliza." Nafisa alizunguka Alhamisi hadi magharibi, na Ijumaa asubuhi kabla ya shule. Wengine walimfokea. Mzee mmoja mvuvi alifunga mlango. Mwanamke mmoja alimkalisha, akafumba macho, akakumbuka majina sita pamoja na vijiji vyake, kisha akamwambia aondoke asimwone tena. Alipata majina kumi na tisa. Mengine yalikuwa yamekwenda.

Benita alimsikiliza hadi mwisho, akaingia ndani. Lakini Ijumaa mchana, Nafisa alipofika kibandani, Benita alikuwa hapo tayari, amesimama karibu na betri, amekunja uso, mkononi ameshika ndagala mmoja mkubwa.

"Leo ndagala njo wangu," alisema. "Huyu iko na kichwa. Iko na macho mawili. Ataona kila kitu."

Walipima upya mbele ya Mjomba, ndagala mmoja kwa feni zote, na Benita akihesabu kwa sauti. Ndagala huyu alikuwa mzito, hesabu zikashuka. Bibi Harusi, mbili. Shemeji, mbili na nusu. Lori, sita. Mjomba aliandika mwenyewe. Kisha akakaa kwenye stuli, akaliangalia daftari, akakuna kidevu.

"Huyu ana nguvu za kuzidi," alisema akimwonyesha Lori. "Anapiga kelele kwa sababu anakimbia. Nani amesema lazima akimbie?"

Alitoa kwenye kopo lake balbu ndogo ya taa ya nyuma ya pikipiki. Akaiunga katikati ya waya wa Lori, ili umeme upite kwenye balbu kabla ya kufika kwenye feni. Walipowasha, balbu ilitoa wekundu hafifu kama kaa la moto linalotaka kufa, na Lori, yule aliyewafukuza kuku, akazunguka polepole akivuma kama mtu anayepumua usingizini.

Benita alirudi nyuma akihesabu. "Tano. Sita. Sasa simusikii." Hatua sita! Kisha wakapima upepo. Ndagala mwenye kichwa alitikisika kwenye shubiri ya nne, na akawa anatikisika bado walipomsogeza nusu zaidi.

"Mjomba!" Nafisa alisema. "Kwa nini hukufanya hivi tangu mwanzo?"

Hakuwa na nia ya kuuliza swali baya. Mjomba alimtazama usoni kuhakikisha ameyasoma maneno sawasawa.

"Kwa sababu uliniambia nne," alisema. "Ungeniambia mbili na nusu, ningekaa kwenye stuli hii, ningekuna kidevu hiki hiki, na Lori angekuwa ndani ya mashine Jumatano. Dawa ilikuwa ndani ya kopo langu siku zote. Daftari lako liliniambia hakuna mgonjwa."

Kwa kuwa Lori alikuwa mpana kupita nafasi yake, Mjomba alikata bati la kopo la mafuta ya msaada, akamfunga kwa nje ubavuni mwa mashine. Balbu aliiweka mbele, mahali anapoiona. "Ikizimika nitajua feni haipati umeme," alisema. "Hata mimi sasa namsikia, kwa macho." Madamu naye aliamua kuhifadhi kila baada ya majina kumi, hata kama atakosa moja.

Jumatano iliyofuata mashine haikuzimika. Madamu aliwaomba makarani warudie yale majina kumi na saba ya alama za kuuliza, na wamtafute Rachelle wa Uvira. Waliahidi kujibu baada ya wiki moja; yale yaliyopotea mashine ilipozimika walisema watayarudia baadaye, kidogo kidogo.

Jibu lilikuja. Ilikuwa kambi ya tatu. "Rachelle wa Uvira alikuwa hapa na watoto wawili," karani alisema, na chumba kizima kilisikia kila neno, kwa maana Lori alikuwa anapumua tu. "Alisubiri kusikia jibu kutoka Rumonge. Hakusikia kitu. Siku tisa zilizopita aliondoka na kundi lililokuwa linatafuta mtumbwi wa kurudi Kongo. Hakuacha mahali pa kumpata."

Benita alikaa chini mkekani. Baba yake alimwekea mkono kichwani.

"Alisubiri," Benita alisema. Halafu baada ya muda: "Iko muzima. Siku tisa, alikuwa muzima." Alimtazama Nafisa kwa macho ambayo Nafisa hakuweza kuyakimbia. Hakumtukana, wala hakumsamehe. Alisogea kidogo tu kwenye mkeka, akaacha nafasi ya mtu mmoja, na Nafisa akakaa.

Kisha yakasomwa yale kumi na saba, moja moja, na Madamu akawa anafuta alama na kuandika jina. Msichana wa Minago. Mzee wa Kabonga. Mapacha. Nafisa alihesabu kwa vidole, na vidole vilipokwisha akahesabu kwa vya Benita. La kumi na tano. La kumi na sita. La kumi na saba lilikuwa la mwanamke aliyekuwa akimtafuta mume wake.

Orodha haikuwa na alama ya kuuliza hata moja. Heri hakuwemo.

Kando ya ile balbu nyekundu, Mjomba Jamali hakuwa anaitazama mashine. Alikuwa anautazama uso wa Nafisa, kama alivyofanya kila Jumatano, kwa sababu huko ndiko alikokuwa anasomea majina. Nafisa alitikisa kichwa. Mjomba akateremsha macho.

Walirudi nyumbani kwa njia ya ziwani. Ndagala walikuwa wameanikwa mchangani, na harufu yao ilikuwa kila mahali.

"Natamani ile kelele irudi," Nafisa alisema, akigeuza uso ili asomeke. "Wakati wa kelele alikuwepo. Alikuwa ndani ya zile alama."

"Kelele hiyo mimi ninayo masikioni usiku na mchana," Mjomba alijibu. "Nimeisikiliza sana. Heri hayumo."

Walitembea kidogo.

"Nisikilize, binti wa dada yangu. Jambo lipime lilivyo, uliandike lilivyo, hata likikuuma. Ukiandika unavyotaka, huko mbali kuna mtu anasubiri jibu, na jibu lake umelizima wewe bila kujua jina lake. Ukweli haujamleta Heri. Sikuahidi kwamba utamleta. Lakini siku jina lake likisomwa, tutalisikia. Hilo naweza kukuahidi, kwa sababu sasa nimepima."

Bibi Aziza alikuwa uani, sindano ya kufumia mkononi. Alikuwa ameanza upya na uzi ule ule uliokuwa bado na mikunjo. Safari hii kitambaa kilikuwa kidogo, cha foni, na alikuwa ameacha nafasi pana mahali sauti inapotokea.

"Wamesoma mangapi?" aliuliza.

"Hamsini na nane, Bibi. Yote yamesikika."

Bibi alisubiri jina moja zaidi. Kisha alivuta uzi, akafuma kitanzi kimoja, na kingine.

"Haya, mke mwenzangu," alisema. "Kaa hapa unishikie donge jekundu. Leo ninafika kwenye maua."